Maji Chini ya Mikaratusi

14 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa chini, maana baba ameniambia umeanza kupanda ngazi kupaka rangi nyumba ya mwanao, na mwanao, mwalimu mzima anayetisha darasa la watoto hamsini, anaogopa kukukataza. Huku hatujambo. Goti la baba bado linagombana naye. Daktari alimpa mazoezi, naye huyafanya siku moja kabla ya kumwona daktari. Mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike mwenye sauti kubwa kuliko nyumba yao, na ukoo mzima umekubaliana kwamba sauti hiyo imetoka kwako.

Leo natimiza miezi mitatu katika kibanda chako. Sijahamisha kitu. Koti langu nalitundika kwenye msumari ulioupigilia nyuma ya mlango, na msumari huo umekwisha kulitoboa begani. Kwenye karatasi cheo changu ni Msimamizi wa Eneo la Asili la Chuo, lakini wazee wa hapa bado wananiita "yule wa kwa Mama Miche". Nimezoea, na nadhani nimeanza kupenda.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kamati ya majengo inataka sehemu ya chini ya msitu iwe maegesho ya magari. Mwenyekiti wao ni Injinia, yule mwenye viatu vinavyong'aa, ambaye pia anafundisha. Alisimama kikaoni akasema: "Msitu wa juu unafundishia, sikatai. Kule chini kuna nini? Mikaratusi na vumbi. Nionyesheni darasa moja lililoshuka huko mwaka huu." Nilifungua daftari la getini mbele ya watu wote. Hakukuwa na darasa hata moja. Nilijiona mdogo kama nukta.

Mhadhiri wa mimea ndiye aliyetuokoa. Unamkumbuka Lenzi, yule mrefu anayening'iniza kioo cha kukuzia shingoni hata harusini. Aliomba tupewe msimu mmoja wa mvua. Tumepewa mpaka tarehe 28 Juni. Siku hiyo kamati itashuka kuangalia kwa macho. Tusipokuwa na kitu cha kufundishia kule chini, matingatinga yataingia Julai, na lami ikishafika chini, msitu wa juu utakuwa unahesabu siku zake.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyekaa hapa miaka thelathini na minne: kabla ya mikaratusi, pale chini palikuwa na nini? Maktaba haina picha hata moja.

Umeuliza habari za miti yako. Imesimama, Shangazi. Imekuwa mirefu kuliko maktaba.

Wako,
Binti wa kaka yako


9 Februari

Profesa wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza bila miwani, na nilidhani mdogo wako amejifungua Injinia. Mpe hongera zangu. Mtoto mwenye sauti hapotei sokoni.

Kuhusu ngazi, mwambie baba yako kwamba rangi nimemaliza na sikuanguka, na kwamba mtu anayedanganya goti lake mwenyewe asinifundishe tahadhari. Anasema kwa nini sipigi simu. Sipigi kwa sababu sikio langu la kushoto lilistaafu kabla yangu, na la kulia nalitunzia mambo ya maana.

Jibu la Injinia wako ni rahisi mno, nashangaa wasomi wawili mmelikosa. Mshike mkono umpeleke kwenye mikaratusi. Mistari kumi na miwili, kila mstari miti kumi na minane. Jumla mia mbili na kumi na sita, na hakuna hata mmoja uliokufa. Kiangazi cha kwanza niliinywesha kwa ndoo, asubuhi na jioni, mpaka mabega yakaota sugu. Mkuu wa chuo wa wakati ule alinipa cheti mbele ya wanafunzi wote. Hata sasa ninapoandika kiko ukutani, kinaniangalia. Mwambie Injinia mti haupandwi kwa kikao.

Umeuliza kabla ya hapo palikuwa na nini. Palikuwa na mbu. Tuyaache hayo.

Mkamwana wangu anakusalimu. Anapika vizuri ila anaongea na masufuria.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Mtoto amepewa jina la bibi yake wa upande wa baba, kwa hiyo upande wetu umenuna kidogo, lakini utapoa.

Nashukuru kwa ushauri. Huku kazi zinaendelea. Kule chini tunafanya usafi kidogo, kupunguza punguza tu, ili pafae kwa wanafunzi. Lenzi anakuja kila siku na koleo lake na anachimba mashimo kama mtu aliyepoteza pete.

Nina haraka, darasa linanisubiri getini. Baba anakusalimu sana, sana.

Binti yako


22 Machi

Kwa Msimamizi wa Eneo la Asili,

Sijambo. Mwanangu hajambo. Mkewe hajambo. Kuku hawajambo.

Dobi wa mabweni ameniandikia. Unajua dobi yule hajaandika barua tangu aoe, na ile ya kuoa aliandikiwa. Ameandika mistari minne tu: "Mama Miche, miti yako wanaiangusha. Mstari wa saba umekwisha leo. Wanatumia msumeno wa mashine. Nimeona usisikie kwa wengine."

Kupunguza punguza, umesema. Usafi kidogo.

Nilikufundisha kusoma pete za kisiki kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Nilikubeba mgongoni katika mistari ile ukalala. Ukitaka kuikata miti ile ungeniandikia neno moja, nakata, nami ningekutukana, na baada ya wiki yangekwisha. Lakini umenifanya mzee wa kudanganywa, na hilo halipiti.

Usiniandikie mpaka niandike mimi.


3 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, ingawa najua hutaitikia. Umeniambia nisiandike na nimeandika. Niongezee kwenye deni la makosa yangu.

Nilikudanganya. Nilipokea barua yako yenye mistari kumi na miwili na ndoo na sugu za mabega, na nikaogopa. Baba alisema, "Mwache dada yangu afe na miti yake." Nikakubali upesi kwa sababu ilinifaa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeuficha na matokeo nimeyaona. Nisamehe.

Sababu yenyewe ni hii. Lenzi alichimba shimo lenye urefu wa mtu katikati ya mstari wa nne. Juu palikuwa na udongo mkavu kama unga. Chini kabisa akakuta matope meusi, na ndani yake mizizi ya matete, mizee, imelala kama nywele. Pale palikuwa na kinamasi, Shangazi. Msitu wa juu tunao, lakini darasa la maji chuo hakina kabisa; wanafunzi wanajifunza viluwiluwi kwenye chupa za dawa. Tukirudisha kinamasi, tumemjibu Injinia. Na wewe unajua kuliko mimi jinsi mkaratusi unavyokunywa. Maji na miti ile haviwezi kukaa pamoja.

Nilisimama pale kila mti ulipoangushwa, yote mia mbili na kumi na sita. Wakata miti walinicheka siku ya kwanza. Siku ya pili walinyamaza, na ya tatu kiongozi wao akawa ananiita kabla ya kuanza. Sikuwa na adabu nyingine ya kukupa.

Mvua ilianza jana.

Binti yako


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii ni fupi kwa sababu sina la kujigamba.

Mwezi mzima mvua imenyesha ya kutosha mpaka goti la baba limetabiri gharika. Kule chini tumeng'oa machipukizi kwenye visiki, tumeziba mtaro wa juu, tumelainisha udongo. Asubuhi baada ya mvua maji yanasimama, mazuri, unaona mawingu ndani yake. Adhuhuri yameondoka. Hayaendi popote tunapopaona. Lenzi amechimba mashimo sita, na yote sita yanajaa na kukauka. Ameacha utani. Jana aliniambia huenda udongo wenyewe umekufa, kwamba miaka ishirini na sita ya ukavu haiponyeki kwa mvua moja, kisha akaenda kukaa peke yake kwenye gogo.

Injinia naye amewaleta wapimaji. Wamepigilia vigingi vyenye utepe mwekundu kuanzia barabarani mpaka kwenye jiwe kubwa. Tumebaki na siku hamsini na tatu. Wanafunzi wanachungulia juu ya ukuta wa chuo, wanaangalia ule uwanja mtupu wa visiki, na najua wanachokisema, kwa sababu hata mimi nakisema: tumekata miti ya watu na hatuna cha kuonyesha.

Habari za mkataba wangu sizigusi, na usimuulize baba.

Msamaha nimekwisha kuomba na sitakuchosha nao. Leo naomba kitu kingine. Kama kuna jambo unalolijua juu ya maji ya pale, niambie. Hata ukiniambia kwa matusi.

Binti yako


19 Mei

Binti wa kaka yangu,

Marahaba zote tatu nilizokunyima.

Kaa chini sasa wewe. Pamoja na barua hii nimempa dereva wa basi kifurushi. Kina daftari lenye jalada la nguo ya bluu. Usilifungue mpaka umalize kusoma hapa.

Udongo haujafa. Mwambie Lenzi aondoke kwenye gogo. Chini ya mikaratusi kuna bomba.

Mwaka ule mkuu wa chuo aliniita ofisini. Madirisha ya ukumbi wa mihadhara yalikuwa yanaingiza mbu na harufu ya matope, na wageni walikuwa wanakuja. Akasema, "Mama, pale chini pakauke." Nikasema, "Ndiyo, bwana." Maneno mawili tu, na nilikuwa naipenda ile sehemu kuliko chumba nilicholala. Tulichimba handaki kuanzia kwenye jiwe kubwa, tukalaza mabomba ya udongo wa kuchoma, tukayaelekeza kwenye mfereji wa nyuma ya mabweni, tukafukia. Juu yake nikapanda miti. Kila mtu akaona miti. Kinamasi kikakauka, miti ikapata sifa, mimi nikapata cheti. Lakini kazi kubwa ilifanywa na bomba, na waliolijua ni mimi na wachimbaji wawili ambao wamekwisha fariki.

Niliposoma kwamba miti imekatwa nilikasirika kweli, usidhani naigiza. Ila hasira iliisha baada ya wiki mbili. Kilichonifunga mdomo mpaka leo ni bomba. Nilijua kwamba ukikata miti bila kulivunja, maji hayatakaa, na nilinyamaza, kwa sababu kukwambia kulimaanisha kukwambia kwamba palipendeza, na kwamba ni mimi niliyepaua. Umeniambia umeficha. Mwalimu wako wa kuficha ni huyu anayekuandikia.

Simama na mgongo kwenye jiwe kubwa, uso kwenye maktaba. Nenda hatua ishirini na tisa. Hizo ni hatua zangu. Wewe una miguu ya baba yako, basi nenda ishirini na nne. Chimba mpaka kiunoni. Vunja, kisha ziba kwa udongo wa mfinyanzi. Usizibe kwa saruji, saruji hupasuka.

Sasa daftari. Kabla ya kukausha, niliorodhesha kila mmea uliokuwa pale, arobaini na mitatu. Majina ya kitaalamu sikuyajua, kwa hiyo niliyatunga mwenyewe na kuchora majani. Usicheke.

Na la mwisho. Wiki ile ya mwisho nilisomba mizizi kwa toroli, safari kumi na moja, nikaifunika takataka za bustani juu. Niliipanda kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba ya dobi, unapopita mkondo wa maji ya suuza na ya mvua. Dobi aliniuliza ni nini, nikamwambia ni wageni wangu. Miaka ishirini na sita amekuwa akiwafukuza wafyekaji, anawaambia magugu yale yanazuia harufu. Sijui mangapi yamebaki. Niliogopa kuuliza. Nenda ukamwone.

Shangazi yako


8 Juni

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima, goti zima, mtoto mzima. Nimeyamaliza ya nyumbani.

Hatua ya ishirini na nne hatukupata kitu. Lenzi akaanza kunitazama kwa huruma. Tukasogea mpaka ishirini na sita, maana inaonekana mimi nina miguu ya mama, na sururu ikagonga. Nililala kifudifudi shimoni nikaweka sikio. Yalikuwa yanapita chini yangu, Shangazi, yanaenda zake mfereji wa mabweni kama yalivyoenda maisha yangu yote. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili akasema, "Kumbe tumekuwa tukiibiwa." Tulivunja mabomba matatu na kuziba kwa mfinyanzi, tukaukanyaga kwa miguu watu kumi na wanane. Siku ya tatu maji yalifika kwenye kifundo cha mguu. Leo ni wiki mbili kasoro siku moja, na yananifika magotini.

Kisha tukaenda kwa dobi. Alisimama mbele ya mtaro wake kashika pasi mkononi. Nikamwambia tumekuja kuchukua mimea. Akasema, "Kibali cha Mama Miche kiko wapi?" Nikampa barua yako. Akasema macho yake hayaoni maandishi madogo, nisome kwa sauti. Ikabidi nisome ukurasa wote, pamoja na miguu ya baba, mbele ya mhadhiri na wanafunzi kumi na wanane. Nilipofika kwenye "wageni wangu" akaweka pasi chini na kutupisha.

Imebaki thelathini na mmoja kati ya arobaini na mitatu. Lenzi alilala kwa tumbo kwenye mtaro na daftari lako likiwa limefunguliwa juu ya ndoo, povu la sabuni likimfika kwenye kidevu, anaita majina: Mjane, huyu hapa. Usinishike, huyu hapa. Kofia ya Mkuu, wako wanne. Alipofika kwa Mpangaji, ule mmea mdogo uliouandikia "hauishi bila kuegemea jirani", akaweka kioo chake cha kukuzia jichoni. Shangazi, mmea ule ameutafuta miaka tisa. Kabatini mwake ana jani moja kavu, na chini yake mtu wa zamani ameandika kwamba haupo tena. Alilia pale mtaroni mzee mzima, na dobi akampa taulo.

Tumeipanda yote. Mbu wapo, sitakuficha. Lakini kerengende wamekuja pia, wengi, na wanawala.

Siku ishirini zimebaki, na safari hii nazihesabu kwa furaha.

Binti yako


30 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na matope masikioni na sijali.

Kamati ilishuka juzi, watu kumi, Injinia mbele na ramani yake yenye nafasi za magari mia moja na arobaini. Tulikuwa tumepanga hotuba. Lenzi alivaa tai. Hatukupata nafasi ya kutoa neno, kwa sababu walipofika madarasa matatu yalikuwa kazini na hakuna aliyegeuka kuwaangalia. Wa biolojia walikuwa majini wanahesabu viluwiluwi. Wa uchoraji walikuwa kwenye visiki, kila mmoja na kisiki chake. Na pembeni kabisa, kwenye ule mfereji wa mabweni, kulikuwa na wanafunzi sita wa uhandisi wenye vijiti vya kupimia. Ni wanafunzi wake mwenyewe.

Aliwauliza wanafanya nini. Msichana mmoja mfupi akamjibu bila kupepesa. Alisema kila mwaka mvua za Juni hufurisha barabara ya mabweni mara tatu au nne, mwalimu mwenyewe ndiye aliyewafundisha takwimu hizo, na mwaka huu haijafurika hata mara moja, maana maji yanabaki huku juu yanapumzika. Akampa karatasi yenye hesabu. Injinia aliisoma amesimama. Aliisoma tena, na wakati anaisoma alikuwa anazama taratibu, na pale aliposimama ndipo ramani yake ilipoweka nafasi ya gari namba moja. Viatu vyote viwili vilijaa matope. Sikucheka, lakini nilimtazama dobi, na hilo lilikuwa kosa.

Injinia ni mtu muungwana, nampa haki yake. Alivua viatu, akaenda peku mpaka kwenye kigingi cha kwanza, akaking'oa. Kikao kilikaa hapohapo, wamesimama. Kura zote kumi. Eneo lote, juu na chini, limeandikwa kwenye hati ya chuo kuwa ni la hifadhi na mafunzo, na haliwezi kuguswa bila baraza zima kukubali. Masomo tisa yamejiandikisha kushuka muhula ujao. Nimelazimika kununua daftari jipya la getini.

Mkataba wangu umeongezwa miaka mitano. Sasa unaweza kumuuliza baba.

Kuna jambo moja zaidi. Injinia aliuliza ni nani aliyejua bomba lilipo. Nilimweleza kila kitu, kwa sababu sitaki kuficha tena. Akafikiri, akasema mtu anayejua jinsi kinamasi kinavyokaushwa na jinsi kinavyofichwa asikae mbali anapaka rangi nyumba za watu. Kwa hiyo yeye na Lenzi wamekuweka kwenye ratiba. Jumatano ya pili ya Agosti, saa nne asubuhi, ukumbi wa mihadhara, wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza. Ni saa mbili nzima, na mzungumzaji ni wewe. Imeshabandikwa ubaoni. Baba anasema utakataa.

Binti yako


17 Agosti

Profesa,

Nimefika salama. Mwanangu alinipokea stendi kama anayempokea waziri, na mkewe ameniambia masufuria yalinikumbuka.

Nilipokuwa kwenu sikusema mengi, unanijua. Niseme sasa. Miaka thelathini na minne nilipita mbele ya ukumbi ule na toroli. Nilijua kila dirisha lake kwa nje. Ndani niliingia mara moja tu, kuchukua cheti, na nilisimama karibu na mlango. Jumatano ile uliponifungulia mlango nilitaka kurudi. Nikaona vichwa mia tatu, nikajikaza. Wewe unadhani nilikunywa maji kabla ya kuanza kwa sababu ya kiu. Nilikuwa natafuta neno la kwanza.

Kisha nikasema, "Mimi ndiye niliyekausha kinamasi chenu," na nikaona kwamba naweza kusema. Sikuona saa mbili zilivyopita. Nilipiga kelele mpaka wa nyuma wakanisikia. Mtoto wa mdogo wako ana bahati kurithi sauti hii. Na tuliposhuka majini na wale watoto, na Mpangaji ameegemea tete jipya, nilifurahi, binti yangu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, mzee kama mimi. Lenzi anataka nirudi Januari. Nimemwambia nitaangalia nafasi yangu. Nafasi ninayo, nimekwisha nunua viatu vya mpira.

Ila kuna swali nililijibu vibaya, na limenisumbua njia nzima ndani ya basi. Ni la yule msichana mfupi wa uhandisi. Aliuliza, "Bibi, ulipopewa ile amri, ungeweza kukataa?" Mimi nikamjibu, "Ningefukuzwa kazi," na watu wakacheka, tukaendelea. Hilo halikuwa jibu. Alikuwa ameuliza kwa dhati, na nilimtoroka kwa mzaha.

Mtafute. Mwambie hivi: ningeweza, na sikujaribu. Nilisema ndiyo mchana, kisha nikasomba mizizi kwa toroli, na miaka yote nilijiambia kwamba ile mizizi inatosha kuwa "hapana" yangu. Haikutosha. Ilihitaji wewe uje uikate miti. Mwambie siku moja atakuwa na ofisi, na kuna mtu atamwita na kumwambia mahali fulani pakauke. Siku hiyo akatae kwa sauti, wamsikie mpaka wa nyuma. Na mizizi aifiche vilevile.

Shangazi yako